Mjomba aliiona sinema ya magari Mingoyo, au ilikuwa Dar es Salaam peke yake?

*"Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkazi wa Mtwara mjini. Mjomba wangu, aliyekulia Mingoyo mkoani Lindi, hutusimulia kwamba miaka ya sitini aliangalia sinema ya magari usiku uwanjani. Anasema gari lilisimama, jenereta likawa linanguruma nyuma ya mti, kikatundikwa kitambaa cheupe, wakaanza na mambo ya mbu na choo, halafu vichekesho. Shemeji yangu wa Dar anamcheka. Anasema sinema ya magari ilikuwa Dar tu, ya matajiri, na televisheni ndiyo iliyoiua. Nani mkweli? Nauliza pia kwa sababu familia ina ekari mbili kando ya barabara ya Mikindani, na nimepata wazo la kuanzisha sinema ya namna hiyo. Ilikuwa inafanyaje kazi? Huku kwetu itawezekana kweli?"*

Marahaba. Mwambie mjomba asiwe na wasiwasi, hadanganyi. Shemeji naye ana sehemu yake ya ukweli, ila amekosea mambo mawili. Kinachowagombanisha ni vitu viwili tofauti. Dar es Salaam watu waliingia na magari yao kuifuata picha. Mingoyo gari moja ndilo lililoileta picha kwa watu. Jenereta nyuma ya mti, na somo la mbu na choo kabla ya kicheko, ni alama za gari la sinema la serikali. Mtu hawezi kuzitunga hizo akiwa amekaa tu kibarazani.

Nianze na hiyo ya shemeji, maana ndiyo unayotaka kuijenga.

Aliyeanzisha sinema ya kuingia na gari kama biashara yenye hati ya uvumbuzi ni Mmarekani, Richard Hollingshead, katika jimbo la New Jersey. Alifungua ya kwanza tarehe 6 Juni 1933, nje kidogo ya mji wa Camden. Kabla ya hapo alijaribu nyumbani kwake: projekta aliiweka juu ya boneti ya gari, shuka akalifunga kwenye miti, na bomba la kumwagilia bustani akalitumia kama mvua ili ajue kioo cha mbele kikilowa mtu ataona nini. Kiingilio kilikuwa senti 25 kwa gari na senti 25 kwa kila mtu, na gari zima halikulipa zaidi ya dola moja. Kuonyesha picha nje kulikuwapo zamani, na hata watu kuangalia wakiwa ndani ya gari hakukuwa kitu kigeni kabisa. Kipya chake kilikuwa ardhi.

Fikiria magari mia yamepangwa kwenye uwanja tambarare. Safu ya kwanza inaona vizuri. Safu ya pili inaona mapaa ya safu ya kwanza. Hollingshead alichonga uwanja kwa matuta, safu moja baada ya nyingine, kila gari likapanda na magurudumu ya mbele juu ya tuta na pua ikatazama juu. Hapo aliyekaa kiti cha nyuma naye akaona juu ya paa la gari la mbele. Kati ya tuta na tuta wajenzi waliofuata waliacha karibu mita 12, gari liweze kuingia na kutoka bila kumsumbua jirani. Hicho ndicho alichopewa hati, na mahakama iliifuta mwaka 1949 kwa hoja kwamba kupanga watu kwa mteremko ili waone mbele ni jambo la siku zote.

Sauti ilimshinda zaidi. Mwanzoni vipaza sauti vikubwa viliwekwa karibu na skrini. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliye mita 100 nyuma husikia neno karibu theluthi ya sekunde baada ya mdomo kufunguka. Ni muda mdogo, lakini macho yanaukamata mara moja na picha inakera. Majirani nao walisikia picha nzima bila kulipa, wakalalamika. Miaka ya arobaini vikaja vipaza sauti vidogo vya kutundika dirishani, kila gari na chake, na baadaye sauti ikapitishwa kwenye redio ya gari kwa masafa ya FM.

Kufikia 1958 Marekani ilikuwa na sinema za namna hii zaidi ya 4,000. Zilizobaki leo ni mia chache. Televisheni na kanda za video zilichangia, lakini mwenye biashara hii angekutajia ardhi kabla ya vyote. Viwanja vilikuwa nje ya mji, mji ukavifuata, bei ya ekari ikapanda, na uwanja unaotumika saa nne tu kwa usiku ukawa hauwezi kushindana na duka kubwa linalofunguliwa tangu asubuhi. Halafu kuanzia 1967 sehemu kubwa ya Marekani ikaanza kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi kwa mujibu wa sheria. Jua likawa linazama saa mbili na nusu usiku au zaidi, na familia yenye watoto haiwezi kuanza picha saa tatu na nusu.

Hapo ndipo Mtwara inapoizidi New Jersey. Sisi tuko nyuzi kama kumi tu kusini ya ikweta. Mwaka mzima jua letu huzama kati ya saa kumi na mbili jioni na saa moja kasoro dakika kumi hivi, na giza huingia haraka. Saa moja na nusu usiku unaweza kuwasha projekta Juni, na Januari vilevile.

Ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1966, upande wa Msasani, na jina lake lilikuwa la Kiingereza, Drive-In. Mwaka uliofuata likatangazwa Azimio la Arusha, na unaweza kudhani uwanja wa wenye magari ungeonekana dhambi. Wapo walionung'unika. Lakini shemeji anakosea anaposema ulikuwa wa matajiri. Waliokumbuka enzi zile wanasimulia malori na pikapu zilizosheheni ukoo mzima, watoto wamekaa juu ya bodi, vyakula vimefungwa tangu nyumbani. Wengine walikwenda kwa miguu wakakaa chini. Gari moja likibeba watu kumi na watano, huo si utajiri, ni ujirani wa watu wenye akili ya kugawana kiingilio na mafuta.

Na televisheni? Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Zanzibar ilitangulia miaka ishirini hivi. Kwa hiyo sinema za Dar zilipoanza kudhoofika miaka ya sabini mwishoni na ya themanini, sebuleni kwa Mbara hakukuwa na kituo chochote cha kulaumu. Kulikuwa na shida ya mafuta, hadi magari binafsi yakazuiwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Fedha za kigeni za kuagiza picha mpya na vipuri hazikuwapo. Kisha zikaja kanda za video, na baada yake vibandaumiza, na watafsiri kama Lufufu wakimwekea steringi wa Kichina maneno ya Kiswahili mdomoni. Uwanja wenyewe ndipo ulipo Ubalozi wa Marekani leo, uliohamia hapo mwaka 2003 baada ya jengo la awali kulipuliwa Agosti 1998. Uvumbuzi wa Mmarekani umeishia kuwa kiwanja cha Mmarekani, na sidhani aliyeupangia mji alilifikiria hilo.

Sasa nirudi kwa mjomba, maana yake ni historia ndefu kuliko ya shemeji.

Gari la sinema lilianza kuzunguka nchi hii mapema sana. Kati ya 1935 na 1937 kulikuwa na mradi wa majaribio wenye makao yake Vugiri, milima ya Usambara, uliotengeneza filamu fupi za mafunzo kwa ajili ya Waafrika na kuzipeleka kwa lori Tanganyika na nchi jirani. Sauti haikuwa kwenye filamu. Ilipigwa kwenye sahani za santuri, ili picha ileile ipewe lugha tofauti kila inapofika. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Waingereza wakaunda kitengo cha filamu cha makoloni, na magari ya namna hiyo yakaongezeka. Mpangilio ulikuwa mmoja karibu kila mahali: mchana gari linapita mitaani likitangaza kwa kipaza sauti, jioni linasimama uwanjani, mtu anashika maikrofoni anaeleza kinachoonekana kwa lugha ya wenyeji, mafunzo yanatangulia, vichekesho vinafuata. Vichekesho vilikuwa chambo. Bila hivyo watu wangesikia habari ya choo wakaondoka.

Huyo mwenye maikrofoni namheshimu kuliko projekta. Yeye ndiye aliyeamua watu wacheke wapi. Lufufu na wenzake wa vibandani walifanya kazi ileile miaka mingi baadaye, na nadhani wengi wao hawakujua kwamba wana babu katika kazi hiyo.

Baada ya Uhuru magari hayo yaliendelea chini ya serikali mpya. Kampuni ya filamu ya taifa iliundwa 1968. Hata Rashidi Kawawa, kabla ya kuwa Waziri Mkuu, alifanya kazi katika kitengo cha filamu na kuigiza kwenye picha za Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Kwa hiyo siasa na kitambaa cheupe vimejuana muda mrefu.

Kwa nini basi huku kwetu lije gari, na usijengwe uwanja kama wa Msasani? Lindi na Mtwara zilikuwa na nyumba za sinema mjini, za kuta nne, chini ya wafanyabiashara wa Kihindi kama sehemu nyingi za pwani. Ila uwanja wa magari unataka magari, na magari yanataka barabara. Mikoa hii ilipita miaka mingi ikikatika na Dar kila masika, watu wanalala Ndundu wakisubiri kivuko cha Rufiji. Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003. Mpango wa karanga wa Waingereza ulileta bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea, lakini mpango ukafa, na reli ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya sitini. Picha zenyewe zilikuja kwa meli zikiwa zimeshazunguka miji mikubwa, filamu imekwaruzwa hadi ikionyeshwa utadhani mvua inanyesha jangwani.

Naomba umrekodi mjomba kwa simu, tena usimuulize "ilikuwaje". Muulize gari lilisimama upande gani wa uwanja, nani alishika maikrofoni na alisema kwa Kimwera au kwa Kiswahili, wanawake walikaa wapi, watoto waliokaa nyuma ya kitambaa waliona nini. Hilo la mwisho litamfurahisha: aliyekaa nyuma ya kitambaa aliona picha ileile, ila wote wanatumia mkono wa kushoto.

Tuje kwenye ekari zako mbili. Nitakuambia ninavyoona, hata kama hukutarajia.

Gari moja likipangwa kwa ule utaratibu wa matuta linakula kama mita za mraba 35, pamoja na nafasi ya kupita. Ekari mbili ni mita za mraba 8,000 na kitu. Ukitoa nafasi mbele ya skrini, mlango, vyoo na sehemu ya chakula, utabaki na magari mia moja na kidogo, kwa bahati. Sasa jiulize kwa haki: Jumamosi usiku Mtwara mjini, utapata magari mia ya watu wanaotaka kuangalia picha badala ya kwenda ufukweni au kuangalia mpira? Ninavyoijua Mtwara, sioni. Abiria wa Mtwara anatembea kwa bodaboda na bajaji. Na bajaji ni mbaya kwa sinema: abiria wa nyuma anaona kisogo cha dereva na ukingo wa turubai, basi. Itabidi ashuke.

Lakini mita 35 zilezile zinazobeba gari lenye watu wanne zinaweza kukalisha watu karibu thelathini kwenye mikeka na mabenchi. Kwa hiyo ushauri wangu ni uchanganye vyote viwili, cha mjomba na cha shemeji. Mbele kabisa mikeka, nyuma yake mabenchi, halafu bodaboda zilizosimamishwa na wenyewe wamekaa juu, na mwisho kabisa magari. Ukipanga kwa kimo namna hiyo huhitaji kuchonga hata tuta moja. Noah na Haisi ziingie kinyumenyume, mlango wa nyuma ufunguliwe, familia ikae humo kama barazani. Hao wa magari watoze zaidi kidogo, wanalipia faragha.

Skrini ndiyo hatari yako kubwa, na hapa naomba usibane matumizi. Upepo wa kilomita 54 kwa saa husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu ya kama kilo 14. Skrini ya mita 8 kwa mita 4 na nusu ina mita za mraba 36. Hiyo ni nusu tani inayosukuma kitambaa chako, na chini yake kuna watoto kwenye mikeka. Kusi linavuma kwa nguvu Juni hadi Agosti, ambayo ndiyo miezi yako mizuri kwa kuwa hakuna mvua. Uelekeze uso wa skrini kaskazini-mashariki: mwanga wa machweo hautaipiga usoni, na kusi linalotoka kusini-mashariki litapita ubavuni badala ya kuigonga kifuani. Itengenezwe iweze kushushwa, ishuke kila usiku baada ya onyesho. Ukisikia Mamlaka ya Hali ya Hewa inatoa tahadhari, usionyeshe. Kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 kilipiga ng'ambo ya Ruvuma tu hapo, na Hidaya cha Mei 2024 kilikata barabara ya Lindi.

Mwanga una hesabu yake inayowaponza wengi. Projekta ya lumeni 5,000 kwenye skrini ya upana wa mita 8 inatoa kama lumeni 140 kwa kila mita ya mraba, picha nzuri. Ukiongeza upana hadi mita 16 hupati nusu yake, unapata robo, lumeni 35, kwa sababu umeongeza na urefu wa kwenda juu. Skrini kubwa yenye picha hafifu haimfurahishi mtu. Mbalamwezi haitakusumbua. Taa za barabara ya Mikindani na mtu anayewasha taa za gari katikati ya picha ndivyo vitakavyokusumbua, kwa hiyo panda uzio wa matete au makuti upande wa barabara, na mlango wa magari uwe nyuma.

Kwa sauti, usiweke spika mbili kubwa mbele. Weka ndogo nyingi, zimesambaa katikati ya watu, kila moja kwa sauti ya chini. Aliye nyuma atasikia sawa na aliye mbele, na jirani atalala. Anza baada ya Isha, saa mbili na nusu hivi, na kwa Ramadhani funga au uzungumze kwanza na wazee wa msikiti wa jirani. Biashara ya usiku Mtwara ikigombana na msikiti haifiki mbali, na wala haistahili kufika. Ukipenda sauti ya redio kwa wenye magari, kumbuka kirusha matangazo cha FM, hata kidogo, kinahitaji idhini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Usiamini muuzaji wa mtandaoni anayesema hakihitaji.

Picha zenyewe nazo zina mwenyewe. Akaunti yako ya kulipia ya kuangalia filamu nyumbani haikupi haki ya kuuzia watu kiingilio. Anza na watengenezaji wa filamu za Kitanzania, zungumza nao moja kwa moja mkubaliane kwa maandishi, kisha pitia Bodi ya Filamu kwa kibali cha kuonyesha hadharani na COSOTA kwa mambo ya hakimiliki. Ofisa utamaduni wa halmashauri ndiye mlango wa kuanzia. Nenda mwenyewe, usipige simu tu, maana masharti ya kiwanja, vyoo na zimamoto hutegemea eneo, na mimi nikiwa mbali siwezi kukuamulia. Vivyo hivyo nguzo za skrini: mpate mhandisi aje asimame kwenye ardhi yako, aone kama ni mchanga mtupu au kuna mfinyanzi chini, ndipo akuambie msingi uende kina gani. Fundi wa kuchomelea mageti, hata akiwa hodari, asikupe jibu la hilo peke yake.

Pesa ya mzunguko Mtwara inakuja na korosho, Oktoba hadi Desemba, na mvua zinaanza kuingia Novemba au Desemba. Dirisha lako halisi ni Juni hadi katikati ya Novemba, na Oktoba ndiyo mwezi wa kuvuna. Kwa hiyo usinunue kitu mwaka huu. Kodi projekta na jenereta kwa Jumamosi mbili za Oktoba, tumia skrini ndogo ya mita 4, jenereta likae upande unakoelekea upepo ili moshi na kelele viende zao, na uhesabu mlangoni: wangapi wamekuja kwa miguu, kwa bodaboda, kwa gari, na kila kundi limenunua chakula cha shilingi ngapi. Ukiwa na karatasi hiyo mkononi, niandikie tena tuongee ukubwa wa skrini.